Sekunde Kumi na Nane: Tetemeko la Subukia na Mawimbi Yaliyolitangaza

Leo sitaandika kuhusu hifadhidata wala programu huria. Kwa majuma kadhaa sasa nimekuwa nikisoma historia ya matetemeko ya ardhi, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba hii nayo ni hadithi ya teknolojia kama zile nyingine ninazoziandika hapa. Kuna ishara na kuna kelele, kuna saa ambazo lazima zikubaliane, na kuna mama mmoja wa Denmark aliyehifadhi data zake kwenye maboksi ya uji. Nitamfikia. Vuteni viti.

Waulize Wakenya kumi ni wapi ardhi hutetemeka na tisa watakutajia Japani. Wa kumi atasema Indonesia kwa sababu anaikumbuka tsunami ya 26 Desemba 2004, ambayo ilifika hadi pwani yetu. Wachache sana watakutajia Subukia. Ilhali usiku wa tarehe 6 Januari 1928, chini ya ukingo wa Laikipia, kati ya Nakuru na Nyahururu, kulitokea tetemeko la ukubwa wa 6.9. Ardhi ilipasuka kwa urefu wa kama kilomita 38, na mahali pengine upande mmoja wa ufa ulishuka zaidi ya mita 2 kuliko ule mwingine. Siku nne baadaye likaja jingine la kama 6.0. Hadi leo hilo la tarehe 6 ndilo kubwa kuliko yote yanayojulikana kutokea katika Bonde la Ufa ndani ya Kenya.

Ili upate kipimo: tetemeko la Haiti la 12 Januari 2010 lilikuwa la 7.0. Karibu sawa kabisa. Idadi ya waliokufa Haiti bado inabishaniwa, lakini hata makadirio ya chini ni makumi ya maelfu. Subukia haikuwa hivyo, na sababu si kwamba tetemeko letu lilikuwa na huruma. Mwaka 1928 sehemu ile ilikuwa na watu wachache, mashamba makubwa, nyumba za mawe za kuhesabika na hakuna jengo la ghorofa hata moja la kumwangukia mtu.

Swali lililonivuta mimi kama mtu wa kompyuta ni jingine. Tunajuaje ule ukubwa wa 6.9? Hakukuwa na mtu pale aliyekuwa na chombo. Jibu ni kwamba vyombo vilikuwepo, lakini maelfu ya kilomita kutoka Subukia, na dunia yenyewe ndiyo iliyokuwa waya. Mtaalamu Nicholas Ambraseys alipochapisha uchunguzi wake wa tetemeko hilo mwaka 1991, miaka 63 baadaye, alikuwa na kumbukumbu za vituo vya mbali za kumsaidia, pamoja na taarifa za watu wa wakati ule.

Haya, turudi nyuma mpaka 1889. Mjerumani kijana, Ernst von Rebeur-Paschwitz, alikuwa ametengeneza pendulamu nyepesi sana iliyolala mlalo. Hakuwa akitafuta matetemeko. Alitaka kupima mvuto wa mwezi na jua juu ya ardhi, jambo dogo kiasi kwamba chombo chake kilibidi kihisi hata ardhi ikiinama kidogo kabisa. Alikiweka kimoja Potsdam na kingine Wilhelmshaven. Tarehe 17 Aprili 1889 vyote viwili vikachora mtikisiko ambao hakuna mtu yeyote Ujerumani aliyeuhisi. Baadaye akisoma jarida la Nature akakuta habari ya tetemeko lililotokea Tokyo siku hiyo hiyo. Akalinganisha saa. Zikaingiana. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amenasa tetemeko la upande wa pili wa dunia, na alikuwa amelinasa kama kelele iliyoharibu jaribio jingine! Kila mwanaprogramu aliyewahi kusoma faili ya kumbukumbu akitafuta kosa fulani na kukutana na jambo kubwa zaidi ataelewa furaha hiyo. Kwa bahati mbaya kifua kikuu kilimchukua mwaka 1895 akiwa na miaka 34 tu.

Wa kuendeleza kazi alikuwa Mwingereza John Milne, aliyefika Japani mwaka 1876 kufundisha na akakuta nchi inayotetemeka kila mara. Baada ya tetemeko la Yokohama la Februari 1880, yeye na wenzake walianzisha chama cha kwanza duniani cha kuchunguza matetemeko. Nyumba yake na kumbukumbu zake ziliungua mwaka 1895, akarudi Uingereza na kukaa Shide katika kisiwa cha Wight. Pale akafanya jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko chombo chochote alichounda. Aliwashawishi watu wa nchi nyingi waweke sismografu za aina moja na kumtumia matokeo kwa posta. Cape Town ilikuwa mojawapo. Yaani mtandao wa vihisio, seva moja kisiwani, na pakiti zinazosafiri kwa meli. Usicheke. Ulifanya kazi.

Sasa, vyombo hivyo vilichora nini? Hapa naomba umakini kidogo maana ndipo penye utamu wenyewe.

Mwamba unapovunjika chini ya ardhi, hutuma mawimbi ya aina mbili kupitia ndani ya dunia. La kwanza husukuma na kuvuta, kuelekea kule kule linakokwenda. Fikiria foleni ya watu waliobanana mlangoni pa benki siku ya mshahara. Wa nyuma akisukuma, msukumo unapita kutoka mgongo hadi mgongo mpaka umfikie yule aliyeshika kitasa. Hilo huitwa wimbi la P, yaani la kwanza kwa Kilatini. La pili hutikisa kukingama na mwendo wake, kama kamba ya kuanikia nguo ukiipiga upande mmoja. Hilo ni la S, la pili. Katika miamba ya juu ya bara, P huenda kama kilomita 6 kwa sekunde na S kama 3.5. Nyuma yao huja mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ya polepole zaidi, na mara nyingi hayo ndiyo yanayobomoa. Aliyeyatenganisha yote matatu kwenye michoro ni R. D. Oldham, mtaalamu wa miamba aliyekuwa akifanya kazi India, baada ya kuchunguza tetemeko kubwa la Assam la 12 Juni 1897.

Kwa nini inafaa kujua kwamba moja hutangulia? Kwa sababu ile ile inayokuwezesha kujua radi imepiga umbali gani. Unaona mwanga, unahesabu, unasikia ngurumo. Hapa unahesabu sekunde kati ya P na S, unazidisha kwa 8 hivi, na unapata kilomita. Kituo kimoja kinakupa umbali tu, bila upande, kwa hiyo unachora duara. Vituo viwili, maduara mawili. Cha tatu kinakuonyesha mahali maduara yote yanapokutana. Ni mistari michache sana ya programu. Nimeiandika mwenyewe kwa jioni moja, na ugumu ulikuwa kuiambia kompyuta ni wapi hasa P inaanza katikati ya kelele za malori na upepo.

Na mwamba wenyewe huvunjikaje? Kabla ya 1906 wataalamu wengi waliamini kwamba nyufa za ardhini ni matokeo ya tetemeko, kama vile nyufa za ukuta. Halafu tarehe 18 Aprili 1906 San Francisco ikaanguka. Ufa wa San Andreas uliteleza kwa urefu wa kilomita 470 hivi, na kaskazini mwa mji ua wa shamba uliokatiza juu ya ufa ukakutwa umekatika, vipande vyake vikiwa vimeachana kwa mita kadhaa. Harry Fielding Reid alichukua vipimo vya wapima ardhi vya kabla na baada ya siku ile, akaona kwamba pande mbili za ufa zilikuwa zimepindana kidogo kidogo kwa miaka mingi kabla ya kuachia. Nadharia yake ya 1910 iligeuza maelezo juu chini: mtelezo wa ufa ndio tetemeko lenyewe. Ukitaka kuiona, funga raba ya manati kwenye tofali na ulivute taratibu juu ya meza. Raba inarefuka, tofali halisogei. Raba inarefuka tena, tofali bado. Halafu ghafla linaruka. Mkono wako ulikwenda mwendo mmoja muda wote, tofali ndilo lililochagua kwenda kwa kuruka.

Mkono unaolivuta bara letu huenda taratibu kuliko ukucha unavyokua. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba upande wa mashariki wa Bonde la Ufa katika Kenya unaachana na wa magharibi kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ndiyo maana mnamo Machi 2018, ule mtaro mkubwa ulipofunguka karibu na Suswa baada ya mvua na kukata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, nilichoka na vichwa vya habari vya kigeni kwamba Afrika imegawanyika. Wataalamu wengi waliona kazi ya maji yaliyobeba majivu laini ya volkano. Milimita chache hazifungui shimo la kumeza barabara kwa wiki moja.

Milimita hizo zilikuwa na ugomvi wake. J. W. Gregory, aliyetembea humu mwaka 1893 na ambaye kitabu chake cha 1896 kililipa bonde hili umaarufu duniani, alishikilia kwamba ardhi ilikuwa imevutwa na kati kukaanguka. Wengine hawakukubali. E. J. Wayland, mkuu wa wapima miamba wa Uganda, na Mmarekani Bailey Willis walisema kinyume, kwamba pande zimebanwa na kuinuliwa. Subukia ilikuwa ushahidi uliokuja wenyewe: sakafu ya bonde ilishuka ukingoni, vile hasa ardhi inayovutwa inavyotakiwa kufanya. Jina la Kiswahili, Bonde la Ufa, lilikuwa sahihi.

Nimwite sasa mama wa maboksi. Mawimbi yanayopita ndani kabisa ya dunia hubadili mwendo na kupinda kulingana na yanachopitia, kwa hiyo kila tetemeko kubwa ni kama picha ya eksirei ya sayari nzima. Mwaka 1906 Oldham alionyesha kwamba kuna kiini katikati. Mwaka 1909 Andrija Mohorovičić wa Zagreb alitumia tetemeko la karibu na mji wake kugundua mahali ganda la dunia linapoishia. Beno Gutenberg akapima kina cha kiini, kilomita 2,900, na mwaka 1926 Harold Jeffreys akaonyesha kwamba ni kimiminika. Mawimbi ya S hayapiti katika kimiminika, kwa sababu maji hayawezi kuvutwa upande kama kamba. Ilionekana kazi imekwisha.

Inge Lehmann wa Copenhagen hakuridhika. Katika rekodi za tetemeko la New Zealand la Juni 1929 kulikuwa na mawimbi madogo ya P mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo. Wengine waliyapuuza. Yeye aliandika habari za kila kituo kwenye kadi, na ndugu yake mmoja alisimulia baadaye jinsi alivyomkuta bustanini siku ya Jumapili na meza iliyojaa maboksi ya uji wa shayiri, yote yamejaa kadi hizo. Hapakuwa na kompyuta, jamani. Alikuwa akitafuta, akipanga na kulinganisha kwa mikono yale ambayo mimi nayaandikia amri ya mstari mmoja. Mwaka 1936 alichapisha jibu: ndani ya kile kiini cha kimiminika kuna kingine kigumu. Yalikuwa maelezo ya kelele ambayo wengine waliiona ni takataka. Aliishi hadi 1993, akafa na miaka 104.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1935, Charles Richter alikuwa ameipa dunia ile namba inayotajwa redioni. Watu huiona kama alama za mtihani, kwamba 6 na 7 zinakaribiana. La hasha. Kila hatua moja ni mtikisiko mara 10 kwenye mchoro, na nishati mara 32 hivi.

Naomba uishike hiyo 32 mkononi, kwa sababu mwezi Julai 2007 wengi wenu mlikuwepo. Mimi nilikuwa ghorofa ya nne mjini Nairobi nikifukuza kosa kwenye programu ya mteja, kiti kikaanza kuyumba, nikadhani mwenzangu ananisumbua. Kumbe ni jengo. Tulishuka ngazi tukikanyagana, na kufikia jioni rununu zilikuwa zimejaa SMS zisizo na mwenyewe zikitangaza kwamba usiku litakuja kubwa zaidi, saa fulani na dakika fulani. (Hakuna mtu duniani, wakati ule wala leo, awezaye kutabiri saa ya tetemeko. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, futa.) Kubwa la mfululizo ule lilikuwa la 5.9, tarehe 17 Julai, karibu na mlima Gelai na Ziwa Natron kaskazini mwa Tanzania. Picha za rada za setilaiti zilionyesha baadaye kwamba magma ilikuwa imejipenyeza ndani ya ufa chini ya ardhi, na mwezi Septemba volkano jirani, Oldoinyo Lengai, ikalipuka.

Gelai ni kama kilomita 170 kutoka Nairobi. Subukia ni kama 150. Lile lililotoa ofisi nzima barabarani lilikuwa 5.9, na lile la 1928 lilikuwa 6.9, tena karibu zaidi. Mara thelathini na mbili.

Si kwamba hatuna masikio. Mataifa makubwa yalipoanza kulipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi, Marekani ilihitaji kutofautisha bomu na tetemeko, ikaweka katika miaka ya 1960 mtandao wa vituo kama 120 vya aina moja katika nchi nyingi, Nairobi ikiwemo. Ndoto ya Milne ikalipwa na vita baridi. Mwaka 1969 wataalamu wawili, Barazangi na Dorman, waliitumia kompyuta kuchora ramani ya matetemeko karibu 30,000 ya miaka saba, na mistari iliyojitokeza ilikuwa mipaka ya mabamba ya dunia, wazi kama barabara za usiku ukiwa ndegeni. Siku hizi kituo chetu kikubwa kiko Kilimambogo, nacho pia ni sehemu ya mtandao wa kulinda mkataba wa 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia.

Je, masikio hayo yanaweza kutuonya? Wazo ni la zamani kuliko sismografu za kisasa. Mwezi Novemba 1868, baada ya tetemeko la Hayward, daktari J. D. Cooper aliandika katika gazeti la San Francisco kwamba vyombo viwekwe mbali na mji na viunganishwe kwa nyaya za telegrafu. Umeme ungeyashinda mawimbi mbio na kupiga kengele mjini kabla hayajafika. Hakuna aliyemjengea. Mexico ilianza mfumo wa namna hiyo mwaka 1991, baada ya maafa ya 1985. Japani ikaufungulia umma wake tarehe 1 Oktoba 2007, na tetemeko la 11 Machi 2011 lilipokuja, treni za kasi zilipokea ishara ya kusimama na hakuna abiria wake aliyekufa. Tangu 2020 hata simu za Android hutumika kama vihisio vidogo.

Basi nifanye hesabu ya kwetu. Tuseme Subukia inarudia leo. P inafika Nairobi baada ya sekunde 25 na S baada ya 43. Hata ukiwa na kihisio kimoja tu hapa mjini, unapata sekunde 18. Ukiwa na vihisio Subukia kwenyewe, vikatumia sekunde 5 kutambua na 2 kutuma, Nairobi inapata kama 35. Hizo zinatosha kusimamisha lifti, treni na mkono wa daktari wa upasuaji. Hazishikilii nguzo mbovu. Kenya ina mwongozo wa ujenzi kuhusu matetemeko tangu 1973, na bado tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita la Huruma liliwaangukia watu kwa mvua tu, bila ardhi kutikisika hata kidogo.

Nakuru, ambayo ni jiji tangu 2021 na ambayo ghorofa zake huongezeka kila nipitapo, iko kama kilomita 35 kutoka Subukia. S inaifikia kwa sekunde 10. Toa zile 7 za mfumo. Zinabaki tatu. Kwa mtu aliye ghorofa ya nne hazimfikishi ngazini, zinamtosha kuingia chini ya meza. Kwa walioko Subukia kwenyewe, chini ya ukingo, hesabu inatoa namba hasi.